Mama Aliyekataa Kunitazama

Kabla hamjanicheka, mjue kwamba diploma yangu ya biashara niliisomea kwa kuuza mitumba Mwanza, bila msaada wa mtu. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, nilirudi kijijini kwetu Nkololo nikafungua kituo changu cha kununulia, na kila mkulima nilimsalimu nikimtazama usoni, kama wastaarabu wanavyofanya. Jumapili ile ningepeleka posa kwao Kabula, mwalimu niliyempata mjini. Wazazi wake sikuwa nimewaona.

Ijumaa akafika mama mmoja na furushi la pamba. Nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mama yangu mzazi, "Mwangaluka, mayu." Akajifunika kanga usoni, akanipa mgongo. Nikarudia, akajificha nyuma ya rundo la pamba. Dharau za namna hii zilikuwa zimenichosha.

"Mayu, utu ni salamu," nikasema kwa sauti ili foleni yote ijifunze. "Hata ng'ombe akiitwa hugeuka. Sipimi pamba yako mpaka unitazame."

"Muache, bwana diploma," mzee mmoja akasema. "Ana sababu yake."

"Sababu gani inayozidi utu?"

Nikazunguka rundo nimkabili. Naye akazunguka. Nikaongeza mwendo, akakimbia, kanga ikipepea, foleni nzima ikishika mbavu. Mzunguko wa pili akasimama akihema, mgongo bado kwangu, akamwambia yule mzee:

"Mwambie mkwe wangu simdharau. Mkwe hatazamwi usoni. Na kama bado anamtaka Kabula, aache kunikimbiza, magoti yananiuma."