Sehemu ya Nungunungu Niliyokuwa Naipeleka Mbele

Mpwa wangu wa darasa la pili alininyang'anya rimoti mbele ya mteja, na aliyekuja kulia pale saluni hakuwa yeye.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, msije mkaniona nimechanganyikiwa.

Mimi ni kinyozi. Nina ndevu zangu, nina mashine zangu za kunyolea, na runinga ya saluni yangu huonyesha katuni tu. Ukitaka mpira, nenda kwa jirani. Wateja wananiita Profesa Katuni, nami nimeshazoea.

Kuna studio moja ya filamu za familia ninayoifuatilia tangu utoto. Naijua nje ndani. Nina hata ukurasa mtandaoni ninakomwaga maoni: kwamba zile za zamani, walizochora kwa mkono, zina roho kuliko hizi za kompyuta. Kwamba siku hizi kila mnyama lazima aimbe, hata akiwa anakimbia asiliwe.

Na kwamba hawa jamaa hawawezi kuanza hadithi bila kumuua mama wa mtu.

Hilo la mwisho niliandika kwa utani. Watu walicheka sana.

Kisha dada yangu akafariki.

Alikuwa amelazwa muda mrefu. Aliacha mume na binti mmoja, ambaye mimi namwita Kishungi kwa sababu ya nywele zake za mbele zisizokubali kulala. Siku za msiba tulimpeleka kwa shangazi yake. Watu wazima tukakaa, tukakubaliana aambiwe mama kahamishiwa hospitali ya mbali. Ukweli angeambiwa baadaye.

Na nani? Wote tulimtazama shemeji. Shemeji akatazama sakafu.

Tangu hapo, Kishungi akitoka shule anakuja saluni kumsubiri baba yake atoke kazini. Shemeji akaniomba kitu kimoja.

"Shem, wewe ndiye mtaalamu. Muwekee filamu zisizo na habari za kufiwa. Nisaidie hilo tu."

Nikaona kazi ndogo. Jamani.

Nilipekua zote. Hii, mama kafa kabla hadithi haijaanza. Ile, kachukuliwa na mafuriko. Nikapata moja ambayo mama yu hai, nikashukuru, halafu nikakumbuka kwamba mama mwenyewe amesafiri mbali, na mwishoni anarudi na zawadi.

Hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Tena Kishungi mwenyewe hakutaka nyingine ila ile ya nungunungu.

Kwenye hiyo, mama nungunungu anakufa, na baba anarudi shimoni kumpasha mtoto habari. Anamwambia, "Kaa kwanza, nikwambie." Halafu hamwambii. Anaongelea mvua. Anaongelea mizizi. Anazunguka mbuyu weee, mpaka unachoka. Kwenye ukurasa wangu niliandika kwamba sehemu ile ni ndefu mno, wangeikata.

Basi nikawa naikata mimi. Ikifika pale, napeleka mbele hadi kwenye nyimbo. Kesho Kishungi anaiomba tena.

Siku hiyo nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja mstaafu. Ikafika pale, nikanyoosha mkono kuchukua rimoti. Kishungi alikuwa ameshaidaka.

"Mjomba, usiruke."

"Hapo hapana maana, mwanangu. Twende kwenye nyimbo."

"Kila siku unaruka hapo hapo. Mimi nataka baba aone."

"Baba yako aone? Ya nini?"

Alinitazama kwa huruma kabisa, mtoto yule.

"Kwa sababu hajui kuniambia."

Mashine iliendelea kunguruma mkononi mwangu. Mwalimu aliizima yeye mwenyewe, akavua kitambaa, akatoka na kichwa kilichonyolewa nusu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kwa shangazi. Alikuwa anafungulia maji bafuni ili nisisikie akilia. Nikasikia."

"Mbona hukusema?"

"Baba anajitahidi sana, mjomba. Nikisema, atajua hajanificha vizuri."

Nikachukua kitana, nikajaribu kulaza zile nywele zake za mbele.

Shemeji akaingia, mkoba begani, na lile tabasamu lake la kujilazimisha. Kishungi akamwonyesha kiti cha kunyolea.

"Baba, kaa pale utazame."

Akarudisha filamu nyuma.

Niliogopa. Nilitaka kuzima umeme, nilitaka kumwambia shemeji akimbie. Nilisimama tu, nimeshika kitana.

Nungunungu akasema, "Kaa kwanza, nikwambie." Akaongelea mvua. Akaongelea mizizi. Mwishowe akasema.

Kishungi akasimamisha filamu. Akaenda kwenye benchi la wateja, akakaa, akabana miguu yake vizuri.

"Baba, nimeshakaa."

Shemeji alinitafuta kwenye kioo. Nikainamisha uso.

"Leo... leo njiani kulikuwa na foleni," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na kule kazini, bosi..."

"Ndiyo, baba."

Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha wateja, kikiwa na nywele za mwalimu. Machozi yakawa yanakuja tu.

"Mama yako amekufa, mwanangu."

"Najua, baba," Kishungi akasema. "Pole."

Ndugu zangu, sisi tulidhani tunamficha mtoto. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatuficha, peke yake, na umri wake ule. Kama nyumbani kwako kuna jambo zito, mwambie mwanao, hata kwa maneno mabovu. Usimwache akusubiri.

Mwalimu alirudi kumaliziwa kichwa, akakataa katakata nimtoze nusu bei.

Na yale maoni yangu juu ya filamu ya nungunungu nimeyafuta. Sehemu ile si ndefu.