Kumtoa Mzee Nyuma ya Mng'ao

Niliondoka Kitale Ijumaa asubuhi kwa sababu ya aibu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetumwa kupiga picha ya picha: ile ya marehemu mume wa Kukhu Nafula, yaani Nyanya Nafula wa Kibabii, nayo ndiyo pekee aliyobaki nayo. Paa liliwahi kuvuja, karatasi ikaganda kwenye kioo cha fremu, na ukiivuta inachanika. Basi nikapiga juu ya kioo. Niliporudi studio nikakuta mzee ana masharubu yake, mlango wa sebule, na kichwa changu mwenyewe ndani ya helmeti.

Nekesa, mkaza mwana wa Kukhu, alinipigia simu Alhamisi jioni, mara tu nilipomtumia.

"Njoroge, ati hii ndio tuweke kwa ratiba ya ibada ya kumkumbuka mzee? Si watu watauliza kama mzee alikuwa wa boda?" Kisha akashusha sauti. "Kama imeshindikana, kesho tutaibandua na wembe na maji moto. Kukhu hataki, lakini tutafanya aje?"

Wembe usoni mwa mtu! Kulipokucha nikawasha pikipiki.

Dawa ya mng'ao wa kioo nilikuwa nikiisikia tu: filta ya polaraiza, kioo cheusi kiasi kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa mpaka mng'ao upungue. Ile niliyoiona Kitale ilikuwa na bei ya ndama. Mimi uwezo wangu ni kuku.

Saa mbili nilikuwa Kiminini, nikanywa chai nimesimama. Hapo ndipo nilipokumbuka kusoma namba iliyoandikwa kwenye ukingo wa lenzi: 58. Filta isiyolingana na namba hiyo haifungiki hata ukiiombea.

Saa nne na nusu, mjini Bungoma, nilimpata muuza vifaa vya simu na kamera aliyekuwa na filta mbili kwenye sanduku la biskuti.

"Kalibu, blaza. Hii nyeusi ni olijino kabisa."

"Niazime kikokotoo chako."

"Unataka kupiga hesabu ya nini, na sijataja bei?"

Nilikuwa nimesikia kwamba filta ya kweli ikizungushwa mbele ya skrini ya kikokotoo, skrini huingia giza. Nikaichungulia kupitia ile nyeusi, nikaizungusha. Tarakimu hazikubadilika. Hiyo ilikuwa miwani ya jua tu, imevalishwa pete. Ya pili ilikuwa ya 58, ina mkwaruzo ukingoni, tena pete yake ilikuwa ngumu, lakini nilipoizungusha skrini ikawa giza, nikazungusha tena ikarudi. Muuzaji alininyang'anya akajaribu mwenyewe mara tatu, akicheka.

"Bana! Mimi nimekaa na hii kitu mwaka mzima, na sijui ni ya ukweli!"

Nilijuta kumwonyesha, maana bei ilipanda papo hapo. Tulikubaliana kwenye bei ya kuku wawili, mmoja wao mnono.

Saa saba, Kibabii. Nilitaka kuanza kazi mara moja, lakini kwa Kukhu mgeni hashiki chombo kabla hajashika ugali. Nilikula huku nikiitazama ile fremu iliyoning'inia karibu na dari, na juu ya meza wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake. Kukhu naye aliutazama, akautazama tena.

Tuliishusha fremu, tukaisimamisha kwenye kiti. Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Nimezoea kumkabili mtu uso kwa uso, masikio yote mawili yaonekane. Nikasimama hivyo hivyo, nikazungusha filta. Helmeti nilikuwa nimeivua, lakini kichwa changu kilikuwa palepale juu ya cha mzee. Nikazungusha mpaka kidole kikauma. Nekesa akainuka kwenda kuchemsha maji.

Niliogopa, nasema kweli. Nikasogea kando ili nimpishe Nekesa, jicho bado kwenye kamera, na mng'ao wa dirisha ukatetemeka. Kumbe filta hii haina nguvu ukikikabili kioo. Inataka usimame upande, kama mtu anayechungulia ya jirani. Nikazungusha taratibu. Weupe ukayeyuka. Kwa kuwa filta inakula mwanga, nikaiegemeza kamera kwenye kigoda isitikisike, nikapiga.

Nekesa alirudi na sufuria, akainama kwenye skrini.

"Ngai! Kumbe alikuwa anacheka? Si tumeambiwa miaka yote ati mzee alikuwa mkali?"

Kukhu alivaa miwani, akaichukua kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Alikuwa mkali," akasema. "Lakini siku hiyo mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha."

Nekesa alimwaga maji nje.

Saa kumi nilishika njia ya kurudi kabla mvua haijashuka kutoka Mlima Elgon. Picha ilikuwa imepinda kwa vile niliipiga kutoka upande, nikainyoosha kwenye kompyuta jioni hiyo hiyo, na ratiba ikachapishwa.

Filta nimejifunza kuitumia. Ila siku hizi mtu akinikunjia uso mbele ya kamera, simwambii acheke. Namuuliza amekuja na nani, na huyo namwomba aje asimame nyuma yangu.