Inna Iliyogeuka Idda

Harufu ya mchaichai ukichemka pamoja na majani ya mlimao na mwarobaini hadi leo hunifanya nitafute mlango kwa macho. Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi Maparoni na bibi yangu mzaa mama, na masika yale mafua yalinikamata siku nne kabla ya mashindano ya kusoma Kurani kule Kibiti. Madrasa yetu ilikuwa imenichagua mimi. Kamasi zilinitiririka siku mbili, kisha zikaziba kabisa. Basi usomaji una ghuna, ile nuni inayovumishwa puani, na pua yangu haikuwa na upenyo wa kuvumisha chochote. Kila nilipoanza, "inna" ilitoka "idda", na idda ni eda ya mjane. Wenzangu wakaangua kicheko, wakaniuliza nimefiwa na mume gani. Nilicheka nao, ingawa niliiona safari ikiniponyoka.

Asubuhi ya safari bibi alinikalisha kigodani mbele ya nyungu ya majani hayo, akanifunika blanketi zito. Boti ya kututoa kisiwani ilikuwa iondoke maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, inakwama topeni hadi jioni. Kule ndani mvuke ulinichoma macho, jasho likaniingia mdomoni, miguu ikawa haitulii. Nikasikia injini ikiwashwa.

"Bibi, maji yanakupwa!"

"Keti, mke mwenzangu. Subira yavuta heri."

Heri gani hiyo, nikawaza, inayovutwa nami nimefungiwa kama samaki ndani ya kapu? Maalimu akapiga hodi, akauliza kama niko tayari. "Bado hajaiva!" bibi akamjibu. Nikasukuma blanketi, naye akalikanyaga pembe kwa miguu yake yote miwili. Injini ikanguruma, ikaenda ikififia, mwisho sikuisikia tena.

Muda si mrefu pua ikafunguka. Nikasoma kwa hasira, humo humo gizani, na kila nuni ikavuma sawasawa. Bibi akanifunua, akanipangusa uso kwa upindo wa kanga yake. "Ndivyo nilivyotaka wakusikie," akasema, "si wakucheke." Siku tatu nzima sikumwamkia, kosa ambalo kwetu mtoto huchapiwa. Yeye hakunigusa. Kila asubuhi nilipompita nimenuna, aliitikia tu, "Marahaba, mjukuu wangu," kana kwamba nimesema.

Sasa naishi Kibiti mjini, na bibi amekwishatangulia mbele ya haki. Mafua yakinishika natia matone ya duka la dawa, pua inafunguka kabla chai haijapoa, nami huyo nimeshatoka, sina wa kunikanyagia blanketi. Ila asubuhi hizo, kabla sijafungua mlango, husema shikamoo kwa sauti chumbani. Kisha nasimama kidogo, nikijua fika kwamba hapana wa kuitikia.