Mgeni wa Kila Agosti

Kwanza niseme wazi: mpira wa Kimarekani siupendi. Watu ishirini na wawili wanagongana kwa sekunde nne, kisha wanasimama dakika nzima kujadiliana, na mpira wenyewe hata kuviringika hauwezi. Nimeujua kwa sababu ya Mama Kimutai tu. Jina lake Jelagat, na nimefanya naye kazi miaka tisa katika nyumba ya wazee huku Temple Hills, Marekani. Tunawaogesha, tunawageuza, tunawavalisha, tunawalisha. Ukiinua wagonjwa na mtu mmoja kwa miaka tisa, mambo ya mwanawe utayajua tu, utake usitake.

Mwanawe ni Kimutai. Vyuoni wanamwita Wayne, jina lake la ubatizo. Ana miaka ishirini na mitatu, mrefu, mpole, viganja vipana. Anacheza kwotabeki, yaani ndiye anayepewa mpira kwanza na kuamua uende wapi, wengine wote wakimsubiri yeye. Nafasi hiyo ni ya mtu mmoja. Wa pili anakaa benchi na kofia yake mapajani. Ndiyo maana wanahamahama. Kocha akileta kijana mpya, wewe unaaga, unatafuta chuo kingine ambako safari hii kijana mpya utakuwa wewe. Kimutai alianzia Ohio, akaenda Kansas, akaenda Alabama, na Agosti iliyopita akaja chuo kimoja kidogo hapa Maryland, dakika arobaini kutoka kwa mama yake. Vyuo vinne kwa miaka mitano.

Kila akihama, kuna masomo ambayo chuo kipya hakiyatambui. Takwimu alisoma Ohio, akaisoma tena Kansas. Wenzake aliomaliza nao sekondari wana kazi, wengine wana watoto, na yeye bado anabeba begi la shule. Na kila akihama, anayefunga mizigo ni Jelagat. Kazini tuna maboksi mazuri, yale ya glavu na nepi za wazee, magumu, hayachaniki. Aliyachukua mawili mawili akayapanga nyuma ya mlango wa chumba cha kijana, na kwa miaka mitano hakutupa hata moja. Siku moja nilimwambia kwamba maboksi nayo yanaita safari. Akaniambia nimwache, amechoka, hana nguvu ya kutafuta mengine.

Ibada yetu ya Kiswahili huanza saa nane mchana, Wamarekani wenye jengo wakishamaliza yao. Mimi ni Mhaya, Mkatoliki wa kuzaliwa, lakini nilichoka kumwomba Mungu kwa lugha ya kazini, kwa hiyo nipo hapo, na kwa kuwa siwezi kukaa bure nimepewa daftari la wageni. Mchungaji Elkanah akisema wageni wasimame, wanasimama, wanataja majina na wanakotoka. Sisi tunawaimbia, mimi ninawaandika. Baada ya ibada wageni wanakunywa chai kwa vikombe vya kauri na visahani vyake. Wenyeji tunakunywa kwa vikombe vya karatasi, na vyombo tunaosha sisi.

Jumapili ya kwanza baada ya Kimutai kurudi, wageni wakaambiwa wasimame. Akasimama mama mmoja kutoka Bukavu. Akasimama mwanafunzi wa Dodoma. Na katikati ya mstari wa tatu, Kimutai naye akasimama.

Huyu ni mtoto aliyebarikiwa mbele ya kanisa hilohilo akiwa na miezi mitatu. Meno yake ya kwanza aliyajaribia kwenye viti vyetu. Watu wakacheka, wakidhani anatania. Akataja jina lake, urefu wake, uzito wake, na jimbo alikotoka. Hapo ndipo vicheko vilipomfikia, akagundua yuko wapi. Mimi nami, mpumbavu mwenye kalamu, nilikuwa nimeshamwandika, namba tatu. Jelagat hakucheka. Alikuwa akiangalia viatu vyake vya kazini, ambavyo hakuwa amepata muda wa kuvibadilisha.

Baadaye nilimpelekea chai kwa kikombe cha kauri, kwa utani, nikamkumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hakuielewa, nikamfafanulia. Akafikiri kidogo.

"Auntie," akasema, "they never get to day three with me."

Hakuna aliyewahi kumfikisha siku ya tatu. Akanieleza kwamba kila Agosti anaingizwa kwenye ukumbi uliojaa watu asiowajua, kocha anasema wapya wasimame, na yeye anasimama. Sasa akisikia maneno hayo, kwa lugha yoyote, miguu inainuka yenyewe. Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikaenda jikoni kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alijitahidi, siwezi kumnyima haki yake. Usiku wa zamu zetu mama yake alinionyesha picha za meza ya jikoni: vipande vya plasta kila mahali, vimeandikwa majina ya wachezaji wenzake, anavipanga na kuvipangua hadi ajue nani anasimama wapi. Septemba akapewa kuanza mechi ya kwanza. Jelagat hakuwahi kumwona akicheza chuoni, maana Jumamosi ndiyo siku yake ya zamu mbili. Safari hii alibembeleza akapata mtu wa kumshikia, tukaenda pamoja, mimi nikilalamika njia nzima.

Nusu ya kwanza alicheza vizuri, nilivyoambiwa na waliokuwa wakishangilia. Nusu ya pili alichoka. Kelele zilikuwa nyingi, akainua mkono kuwapa wenzake ishara, na ishara iliyotoka ilikuwa ya Alabama. Wenzake hawakuijua. Wengine wakakimbia kulia, wengine kushoto, na yeye akaurusha mpira mahali ambapo Alabama pangekuwa na mtu. Alikuwepo mtu, lakini wa timu nyingine. Kocha akamtoa, akaingia kijana wa miaka kumi na minane, na kijana huyo hajatoka mpaka leo.

Tulipofika kwenye gari, Jelagat alifunga mkanda. Kisha akasema, "Huyu mtoto amechoka kama mimi." Redio hatukuiwasha.

Mwisho wa Novemba kocha mmoja wa Texas akampigia. Kwa kuwa Kimutai hakucheza sana msimu huu, kanuni zinamwachia mwaka mmoja, na kule walisema wangemweka wa kwanza. Hapa alikuwa amebakiza masomo mawili tu apate shahada. Akienda Texas, mawili yangerudi kuwa saba. Kocha angepiga Jumapili saa tisa alasiri kupokea jibu, ndiyo au hapana, maana kuna mwingine anayesubiri nafasi hiyo.

Nilimkasirikia Jelagat. Tulikuwa tunamgeuza bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, nikamuuliza kwa nini hamwambii mwanawe akae. Alimaliza kwanza kumfunika bibi.

"Nikimwambia akae na akose, atanilaumu," akasema. "Nikimwambia aende, nitapack tena. Honorata, mimi hata sitaki kushinda. Nataka tu mtu aniambie imeisha."

Jumamosi hiyo, kabla ya kwenda kazini, alibandika utepe chini ya maboksi matatu na kuyaacha wazi sebuleni, ili kijana akisema anaenda, kazi iwe imepungua.

Jumapili alikuja kanisani moja kwa moja kutoka zamu ya saa kumi na sita. Kimutai ndiye aliyemleta. Wakakaa mstari wa tatu, simu ya kijana juu ya paja, uso juu. Wimbo wa pili haujaisha, Jelagat alikuwa ameshalala, kichwa kwenye bega la mwanawe, mdomo wazi. Hakuna aliyemwamsha. Kanisani kwetu nusu ya akina mama wanatoka zamu, na usingizi wa mtu tunauheshimu.

Mchungaji akasema wageni wasimame.

Nilikuwa kwenye njia ya katikati na daftari langu. Nikamtazama Kimutai, na nasema ukweli, nilikuwa na hasira naye kabla hajafanya lolote. Niliapa moyoni kwamba akisimama leo simwandiki, hata mchungaji aniamuru. Nikaona magoti yake yakijikaza. Mgongo ukaacha kiti. Kisha akainamisha macho akakiona kichwa cha mama yake begani, na kile kitambaa cha kazini ambacho bado hakijafunguliwa nyweleni.

Akarudi kukaa, polepole, kama tunavyomkalisha mzee. Wageni walikuwa wawili. Niliwaandika wawili.

Saa tisa mahubiri yalikuwa katikati, na simu ikawaka juu ya paja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa na mama yake, lakini wa kulia ulikuwa huru. Aliuacha pale ulipokuwa. Simu ikatetemeka hadi ikachoka, ikatetemeka tena mara ya pili, kwa muda mfupi zaidi, ikazima. Nilifurahi sana, na nikaudhika kwamba nimefurahi kiasi hicho kwa ajili ya mpira.

Kelele za viti ndizo zilizomwamsha Jelagat. Nilikuwa nimeshafika na chai. Kimutai nikampa kikombe cha karatasi. Alikitazama, akanitazama mimi, akakipokea.

Mama yake akajifuta mdomo, akauliza saa ngapi. Akaambiwa ni karibu saa kumi.

"Hiyo simu ya Texas," akasema. "Walipiga?"

"Walipiga." Alijibu kwa Kiswahili, yeye ambaye humjibu mama yake kwa Kiingereza tangu akiwa na miaka minne.

"Ukawaambia nini?"

"Sikushika, Mama. Imeisha."

Jelagat, kikombe mkononi, aliangalia mbele kule wanakosimama wahubiri. Nilidhani atalia. Akainuka, kwanza goti moja, kisha lingine, akimshikilia mwanawe bega.

"Basi uoshe vyombo haraka twende nyumbani," akasema. "Hizo boksi uzikunje leo, kesho wanapita kuchukua takataka."