Chama Kisichobisha Hodi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi, nilipanga chumba Sundbyberg, Uswidi, na kutumia jiko moja na Mmarekani aliyekimbia vita vya Vietnam. Siku moja, tukimenya viazi, nilimwuliza balozi wa nyumba kumi wa mtaani kwao ni nani. Akanitumbulia macho. Nikamweleza: yule mtu wa chama anayejua kila mlango.

Akasema zamani mama yake ndiye aliyebisha hodi mtaa mzima, kuwatoa watu wakapige kura. Siku hizi wagombea wanajinadi wenyewe kwenye televisheni. Ofisi ya chama imegeuzwa duka la viatu, na mama hatafutwi na mtu.

Nikang’aka: chama gani hicho, mtu anauza sura yake kama sabuni! Nikajigamba kwamba balozi wetu hajaacha kubisha hodi.

“Na asipofunguliwa?” akauliza.

Nilimkumbuka jirani yetu aliyegoma kufungua, na jinsi mtaa mzima, mimi nikiwemo, ulivyoacha kumsalimia.

Viazi vilipoiva, vilinishinda.