Misumari Minne ya Fundi Sleyum

Fundi Sleyum wa Ibra, kule Oman, hakuwa mtu wa kujishusha. Ukimuuliza nani seremala bora Sharqiya nzima, atakwambia ni yeye, kisha akuoneshe milango aliyoichonga. Na wallahi hakusema uongo. Ufundi alitoka nao Unguja mikononi, maana sandukuni hamkuwa na kitu.

Shaaban ya mwaka 1998, Bi Badriya alimletea meza. Bibi huyu ndiye aliyesomesha Kurani nusu ya wanawake wa mtaani, na sasa mgongo umemkatalia kuinamia marufaa ya msahafu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Miaka arubaini sijakosa kukhitimisha msahafu kila Ramadhani. Mwaka huu naogopa. Nitazamie meza hii."

Sleyum akapiga magoti, akachungulia chini, akatabasamu. Meza ya kusomea ya Kiingereza, ya miaka mia mbili hivi. Waingereza wa zamani waliitengeneza ipande na kushuka, na uso wake uinuke mbele ya msomaji, ukishikiliwa na kijiti kwenye meno ya mbao. Ubavuni ina vibao viwili vya kuvuta, vya kuwekea mishumaa. Nyumbani kwa Bi Badriya vibao hivyo vilikuwa vya vikombe vya kahawa, na uso wa meza ulikuwa wa sinia la halwa.

Mbona basi hauinuki? Akaiona misumari minne, vichwa vimezamishwa na kuzibwa kwa nta nyeusi. Tabasamu likamkauka. Ibra nzima hakuna fundi mwengine anayeziba hivyo. Miaka ishirini na nne nyuma, marehemu mume wa bibi alilalamika sinia linateleza. Sleyum, mgeni mwenye hamu ya sifa, akaupigilia uso wa meza, na ukingo wa kuzuilia kitabu akaukata. Akasifiwa, na mwenyewe akajisifu.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini aibu ilimuunguza masikio, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Bibi, aliyeiharibu meza hii ni mimi."

"Najua. Nilikuwepo, nikimimina kahawa. Ndiyo maana sikuipeleka kwa mwengine."

Siku nne hakugusa kazi nyengine. Aling'oa misumari, akachonga meno mapya, akaunga ukingo mpya wa mbao ya mkangazi. Mwezi mosi Ramadhani Bi Badriya alikaa kitini, mgongo wima, msahafu mbele ya macho, akaanza juzuu ya kwanza. Mwezi ulipokwisha, alikuwa amekhitimisha mara mbili.

Muulize leo Sleyum nani seremala bora Sharqiya, bado atakwambia ni yeye. Ila kabla ya milango, kwanza atakuonesha misumari minne.