Mhojiwa Ni Mimi

Neno lenyewe lilifika kijijini kabla ya mtu aliyelileta. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akitangaza kwamba kesho yake angekuja bwana wa utafiti kutoka Kigoma mjini, hivyo wahojiwa wote wasitoke majumbani.

Wahojiwa! Sisi wa mwambao wa Kagunga neno hilo tulilijua kwa maana moja tu: anayehojiwa ni mtuhumiwa. Mama mkwe wangu alikumbuka enzi za kodi ya kichwa, marehemu mumewe alipohojiwa bomani akarudi hawezi kukunja vidole.

"Mwanangu, twende zetu mlimani," aliniambia.

Kulipokucha wanaume walikuwa ziwani, wanawake wamejificha mihogoni. Mimi nilibaki nikianika dagaa. Sikuwa nimeiba kitu cha mtu.

Kijana alikuja na balozi, viatu kavishika mkononi kwa ajili ya mchanga. Alisalimu vizuri, nikampa kigoda.

"Mkuu wa kaya yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayesema naye."

Akatabasamu. "Namaanisha mumeo, dada."

"Mume wangu yuko Tanga, kwenye mkonge. Tangu aondoke sijapata hata salamu. Paa hili nimeliezeka mimi, na watoto wanakula jasho langu."

Akainama, akaandika. Siku hizo nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima, na kila chenye herufi nilikisoma, hata gunia. Nikanyoosha shingo. Alikuwa ameandika: Mhojiwa hayupo.

Nikaweka ungo chini. "Hebu nieleze. Mhojiwa ni nani?"

Akaeleza kwa upole kwamba Kiingereza chake ni rispondenti, wala si mtuhumiwa. Ni mtu anayejibu maswali tu, tena kwa hiari yake.

"Basi tangu ukae hapo nani anakujibu? Dagaa?"

Balozi akakohoa. "Mama, usimtie mgeni aibu."

"Mgeni ameandika sipo, nami nipo. Aliyetiwa aibu ni nani?"

Kijana akayakata maneno yale, akaandika jina langu. Tukaendelea: watoto, mihogo, mitumbwi, choo. Mwishoni akasema watu watahamia kijiji cha ujamaa kule juu, kando ya barabara. Je, mhojiwa yuko tayari?

"Hapana."

Kalamu ikasimama. "Ndugu, kote nilikopita watu wamekubali."

"Mimi nakula ziwa hili. Huko barabarani nitavua nini, vumbi? Andika hapana."

"Hili litanisumbua ofisini."

"Si ulisema kwa hiari? Andika."

Akaandika. Hakufurahi, lakini aliandika, na kwa hilo nilimheshimu.

Tulihamishwa hata hivyo. Lori lilikuja kiangazi, mama mkwe akapanda amekumbatia kinu chake, analia kwa Kiha maneno ambayo ni heri dereva hakuyaelewa. Hapana yangu haikusimamisha gurudumu hata moja.

Lakini siku ya kugawa viwanja, mdogo wa mume wangu alisimama mkutanoni akataka changu kiandikwe kwake. "Nyumba ile haina mtu," alisema.

Nilikuwa nimeshainuka kujibu, balozi akanitangulia. "Ina mtu. Alipoulizwa alijibu yeye, nami nilikuwepo. Ninyi wengine mlikuwa wapi?"

Wanawake waliojificha mihogoni wakaangua kicheko, kisha wakapaza sauti: apewe, apewe! Nikapewa.

Nikajenga. Maelekezo yalikuwa milango yote itazame barabara. Wangu niliuelekeza magharibi, liliko ziwa. Walikuja mara kadhaa kuniambia niugeuze, tena wengine kwa ukali. Niliwakaribisha, nikawapa maji ya kunywa, wakapita mlango uleule kuingia na kutoka. Umetazama ziwani mpaka leo.